Sentensi Isiyo na Mwenyewe

Ilikuwa saa tano usiku. Rasimu ilikuwa na kurasa kumi na nane, na nilikuwa nimeahidi kumtumia mhariri kesho yake asubuhi. Nina desturi ya kusoma kazi yangu kwa sauti kabla haijatoka mikononi, maana sikio hukamata kasoro ambazo jicho limeshazizoea. Kurasa tano za mwanzo zilipita salama. Kwenye ukurasa wa sita nikakutana na hii:

"Takwimu zilimwonyesha ukweli miaka mingi kabla hajapata maneno ya kuusema."

Nikanyamaza.

Nikairudia. Ilikuwa sentensi nzuri kuliko zote zilizoizunguka. Ilikuwa na mizani yake, na ilisema kwa maneno kumi kile ambacho aya nzima iliyoitangulia ilikuwa inakihangaikia.

Nilichoshindwa kujua ni kama niliiandika mimi.

Nilifungua faili la madokezo. Ilikuwemo, peke yake kwenye mstari wake, bila alama za mtajo, bila jina la mwandishi, bila namba ya ukurasa. Juu yake kulikuwa na dokezo nililolitoa kwenye wasifu wa Semmelweis, daktari wa karne ya kumi na tisa. Chini yake kulikuwa na swali langu mwenyewe nililojiandikia nisije nikalisahau. Yenyewe ilikaa katikati, na ingeweza kuwa ya upande wowote kati ya hizo mbili.

Rasimu haikwenda asubuhi ile. Ilikaa wiki sita.

## Mhariri alisema niiondoe

Lilikuwa jibu la busara. Sentensi moja kati ya mamia. Kama ina shaka, ikate, kazi iendelee. Nami nilikaribia kuikata. Nilishaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta.

Kilichonizuia ni swali dogo: kama hii imeingia bila mimi kujua, ngapi nyingine zimeingia?

Hii niliitilia shaka kwa sababu ilikuwa nzuri kupita kiasi. Zile za kawaida, zisizong'aa, zingepita bila kugutusha sikio. Nikachapisha rasimu yote kwenye karatasi, nikachukua kalamu nyekundu, nikapitia aya kwa aya nikijiuliza jambo moja tu: hili nimelitoa wapi? Kulikuwa na aya arubaini na moja. Kwa aya kumi na nne sikuwa na jibu ambalo ningeweza kumwonyesha mtu. Nilikuwa na hakika kwamba nililisoma jambo lile mahali fulani. Mahali penyewe ndipo palipopotea.

Kumi na nne kati ya arubaini na moja. Nilikaa na karatasi zile mapajani muda mrefu.

Sikuwa nimeiba kitu cha mtu kwa kukusudia, na najua wengi wanaokutwa na jambo hili husema hivyo hivyo. Ndiyo maana limenisumbua. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba wizi wa kitaaluma ni kazi ya mtu mvivu anayenakili kurasa nzima akijua anachofanya. Sikuwahi kufikiri kwamba unaweza kuanza mapema zaidi, kwenye daftari, kwa kuacha kuandika herufi chache pembeni ya mstari.

## Kutafsiri ndiko kulikonipoteza

Makala yenyewe ilihusu Ignaz Semmelweis na hospitali ya Vienna, Austria, na jinsi mwaka 1847 alivyowalazimisha madaktari na wanafunzi wao kunawa mikono kwa myeyusho wa chokaa ya klorini kabla ya kuwagusa wanawake wanaojifungua, ambao homa ya uzazi ilikuwa ikiwaua kwa wingi. Hadithi yenyewe wengi wameisikia. Mimi nilitaka kuandika sehemu isiyosimuliwa sana, kuhusu kwa nini alichelewa mno kuandika.

Vyanzo vyangu karibu vyote vilikuwa vya Kiingereza. Madokezo yangu yalikuwa ya Kiswahili.

Hapo ndipo penye shimo, na kwa anayesoma kwa lugha moja akaandika kwa nyingine shimo hili ni refu kuliko kwa wengine. Anayesoma Kiingereza na kudokeza kwa Kiingereza akinakili sentensi neno kwa neno, maneno yenyewe yatamshitaki baadaye: ataona mtindo si wake. Mimi nikisoma sentensi ya Kiingereza na kuiandika kwa Kiswahili, inageuka hapo hapo kuwa na sauti yangu. Nimechagua vitenzi mimi, mpangilio wa maneno ni wangu, hata pumzi ni yangu. Miezi mitatu baadaye nikiisoma, naisikia kama mtoto wangu.

Kumbe nilichofanya ni kuivisha nguo tu.

Sentensi iliyotafsiriwa neno kwa neno bado ni nukuu. Wazo lililosimuliwa upya bado ni la aliyelitoa. Kubadilisha lugha hakubadilishi mwenyewe. Nilijua hayo kwa kichwa tangu zamani, ila mkono wangu ulikuwa haujui. Mkono ulikuwa ukiona Kiswahili unadhani kazi ya kutaja chanzo imekwisha.

Sasa ninapotafsiri nukuu, naandika sentensi ya asili kwanza, kwa lugha yake, ndani ya alama za mtajo, na tafsiri yangu chini yake. Inachosha. Mistari inakuwa mara mbili. Lakini tafsiri ikikaa chini ya mama yake, hakuna siku nitakayosahau kwamba ilizaliwa.

## Namba mbili zilizogombana

Kati ya zile aya kumi na nne, moja ilinitia hofu kuliko hata ile sentensi.

Daftari moja liliandika: "Vifo kabla ya kunawa, asilimia 11.4." Daftari jingine liliandika: "Vifo kabla ya kunawa, asilimia 18.3." Maneno ni yale yale, namba mbili tofauti, vyanzo havipo. Kwenye rasimu nilikuwa nimetumia 18.3, na sikukumbuka kwa nini. Nahisi niliichagua kwa sababu ilikuwa kubwa, na namba kubwa husimulia vizuri.

Nikadhani moja ni kosa. Nilitaka kuifuta ile ndogo.

Nilirudi kwenye vitabu, nikatumia siku mbili. Zote mbili zilikuwa sahihi. Asilimia 11.4 ni ya mwaka mzima wa 1846 katika kitengo cha kwanza cha uzazi, kile cha madaktari na wanafunzi. Mwaka huo huo kitengo cha pili, cha wakunga, kilikuwa na asilimia 2.8. Asilimia 18.3 ni ya mwezi mmoja tu, Aprili 1847, katika kitengo kile kile cha kwanza. Kunawa kulianza katikati ya Mei, na Juni vifo vikashuka hadi asilimia 2.2.

Angalia jinsi maana inavyobadilika. Ukilinganisha Aprili na Juni, unaona muujiza wa wiki chache, na msomaji mwangalifu atakuuliza kama Aprili haikuwa mwezi mbaya kwa bahati tu. Ukilinganisha vitengo viwili ndani ya mwaka mmoja, unaliona swali lililomkosesha Semmelweis usingizi: jengo moja, jiji moja, hewa moja, kwa nini wanawake wafe zaidi mikononi mwa madaktari kuliko mikononi mwa wakunga? Makala yangu ilihitaji ulinganisho wa pili. Nilikuwa nimeujenga juu ya wa kwanza, kwa sababu dokezo halikubeba mwaka wala mahali.

Namba isiyo na chanzo haina mwaka. Haina mwezi. Haijui hata inahesabu nini.

## Rundo na kiunzi

Nirudi nyuma kidogo, kwenye namna nilivyopanga kazi yenyewe, maana kosa halikuwa la madokezo peke yake.

Nilikuwa na faili moja kwa kila kitabu. Kitabu cha kwanza, madokezo yake yote, cha pili, yake yote, na kuendelea. Ulikuwa unadhifu wa kupendeza macho. Ulipofika wakati wa kutengeneza kiunzi cha makala, nikafuata mpangilio ule ule: sehemu ya kwanza ikabeba alichosema mwandishi wa kwanza, ya pili wa pili. Nilichokipata ni gwaride. Fulani anasema hivi, fulani mwingine anaongeza vile, wa tatu anatofautiana nao. Mimi mwenyewe sikuwemo. Nilikuwa mshereheshaji anayewaita watu jukwaani.

Nikabadilisha, nikapanga kwa mada. "Maisha ya utotoni." "Hospitali." "Upinzani." "Kitabu." Ikawa afadhali, lakini mada ni kapu tu, ukitupia kitu chochote kinachofanana nayo, itakipokea. Chini ya "Upinzani" nilikuwa na madokezo ishirini na sita na sikuwa na neno hata moja la kusema kuhusu upinzani.

Mabadiliko yalikuja siku niliyojilazimisha kuandika kila kichwa cha kiunzi kama sentensi kamili, yenye mtenda na kitenzi, inayoweza kuwa kweli au uongo. Badala ya "Kuchelewa kuchapisha", niliandika: "Semmelweis alichelewa kuandika, na kwa sababu hiyo watu waliisikia nadharia yake kwa vinywa vya wengine kabla ya kuisikia kwake."

Sentensi ya namna hiyo haina subira. Inauliza papo hapo: nani kasema? Una nini mkononi?

Nikaenda kwenye madokezo nikiwa na swali hilo, na kwa mara ya kwanza vitabu vikaanza kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe. Taarifa za mwanzo zilizochapishwa kuhusu kunawa mikono, Desemba 1847, ziliandikwa na rafiki yake, Ferdinand von Hebra. Kitabu cha Semmelweis mwenyewe kinabeba mwaka 1861. Madokezo hayo mawili yalikuwa kwenye mafaili mawili tofauti, na yalikuwa hayajawahi kukutana. Kati yake kuna miaka kama kumi na minne. Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa makala yangu, na kiunzi cha kwanza kilikuwa kimeizika.

Kiunzi kipya kiliniumiza pia. Nilikuwa na kichwa kilichosema, "Semmelweis alikuwa wa kwanza kugundua kwamba madaktari walibeba homa ya uzazi kwa mikono yao." Nilipokusanya madokezo yote yaliyohusu hoja hiyo, Alexander Gordon, daktari wa Aberdeen, Uskoti, akajitokeza na maandishi ya 1795, akisema kwamba wakunga na madaktari walikuwa wakiupeleka ugonjwa huo toka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Kisha akaja Oliver Wendell Holmes, daktari wa Marekani, na makala yake ya 1843. Wote wawili walikuwemo kwenye madokezo yangu tangu mwezi wa kwanza. Niliwasoma, nikawadokeza, nikaandika "wa kwanza" hata hivyo, kwa sababu kila mmoja alikuwa kwenye faili lake na mlango umefungwa.

Nilifuta kichwa kile. Vikafuatana nacho vichwa viwili vilivyokitegemea. Kurasa tatu zikaondoka, na sehemu niliyoipenda kuliko zote, kuhusu kifo cha Jakob Kolletschka aliyejeruhiwa kwa kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, nikaiacha na sentensi mbili. Dokezo zuri lisilobeba hoja ni mzigo tu, hata ukilipenda.

## Aliyenakili toka kwa aliyenakili

Kuna jambo lingine nililolikwepa kwa siku kadhaa kabla ya kulikabili.

Kwenye marejeleo yangu nilikuwa nimeandika kitabu cha Semmelweis cha 1861, kana kwamba nimekisoma. Kitabu hicho ni cha Kijerumani. Sijui Kijerumani. Nilichokuwa nimesoma ni vipande vyake ndani ya vitabu vya watu wengine, na baadaye tafsiri ya Kiingereza ya K. Codell Carter ya mwaka 1983. Nilipoandika "Semmelweis, 1861" na kuishia hapo, nilimwambia msomaji kwamba macho yangu yalifika mahali ambapo hayakufika.

Watu wengi hufanya hivyo na huonekana si neno. Lakini kuna simulizi moja ya spinachi, ile mboga ya majani, ambayo tangu niijue sijaweza kutaja chanzo nisichokishika bila moyo kunidunda.

Utakuwa umesikia kwamba sifa ya spinachi kuwa na madini mengi ya chuma ilitokana na nukta ya desimali iliyowekwa pabaya, kosa lililoikuza namba mara kumi. Mwaka 1981 Terence Hamblin aliandika hivyo katika jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, bila kutaja alikolitoa. Waandishi wengine wakalichukua kwake. Lilikuwa tamu mno: funzo kuhusu uzembe wa wanasayansi, fupi, lenye namba. Mwaka 2010 Mike Sutton akaamua kufuatilia chanzo chake hatua kwa hatua, na hakuipata ile nukta. Hapakuwa na ushahidi wa kosa lile. Mwaka 2014 Ole Bjørn Rekdal akaandika makala nzima kuonyesha jinsi hadithi hii, iliyokuwa ikitumiwa kuwaonya watu dhidi ya uzembe, ilivyosambaa kwa uzembe ule ule wa kutotazama chanzo.

Halafu kuna kazi ya Mikhail Simkin na Vwani Roychowdhury ya mwaka 2003. Walichukua makala moja mashuhuri ya fizikia ya mwaka 1973, iliyotajwa mara zipatazo 4,300, wakatazama makosa ya uchapaji katika marejeleo: namba ya juzuu, ukurasa, mwaka. Walikuta marejeleo 196 yenye makosa. Kama kila mtu angekosea kivyake, makosa yangekuwa ya aina nyingi mno. Yalikuwa ya aina 45 tu, na kosa moja la namba ya ukurasa lilirudiwa mara 78. Kwa hesabu zao, pengine mmoja tu kati ya watano wanaotaja makala ndiye aliyeisoma. Mtu anaweza kubishana na makadirio hayo, kwa kuwa mwingine huisoma makala halafu akanakili rejeleo kutoka kwa jirani ili aokoe muda. Lile kosa lililorudiwa mara 78 halina ubishi. Linatembea toka orodha hadi orodha kama alama ya kidole.

Nilibadilisha rejeleo langu. Sasa linasema Semmelweis 1861, katika tafsiri ya Carter ya 1983, na namba za kurasa ni za tafsiri. Ni refu na halina fahari. Ni kile nilichokishika mkononi.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume Muhammad walilielewa jambo hili zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Hawakutosheka na maneno. Walidai isnadi, mnyororo wa wapokezi: fulani amesimulia kutoka kwa fulani, aliyesikia kwa fulani. Walichunguza kama wapokezi wawili wangeweza kweli kukutana uhai wao. Maneno mazuri yenye mnyororo uliokatika yalihesabiwa kuwa dhaifu, hata kama kila mtu aliyapenda.

Nilifikiria sana hilo nikiitazama sentensi yangu ya maneno kumi.

## Kadi, programu, na kile ambacho haziwezi

Nilipowaeleza marafiki, kila mmoja alinipa dawa ya chombo. Nikazijaribu kwa moyo mmoja.

Kuna njia ya kadi, ambayo ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Conrad Gessner, msomi wa Uswisi, alieleza mwaka 1548 namna ya kuandika madokezo upande mmoja wa karatasi, kuyakata vipande, na kuvipanga upya hadi mpangilio ukubalike. Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyefariki 1998, aliacha kadi zipatazo 90,000, kila moja na namba yake, zikiitana kwa namba hizo. Nilikata madokezo yangu nikayatandaza sakafuni. Ilisaidia sana kuona hoja. Pia ilinifundisha hatari yake kwa vitendo: kipande kikikatwa, jina la kitabu lililokuwa juu ya ukurasa hubaki kwenye karatasi nyingine. Gessner anaweza kukupangia. Kama kipande hakina chanzo chake mgongoni, umekata uzi kwa mkasi wako mwenyewe.

Programu ya Zotero, iliyotoka 2006, ilinipunguzia kazi nyingi. Inahifadhi taarifa za kitabu, na inabadili mtindo wa marejeleo kwa kubofya mara moja. Kwa mtindo sina neno refu. Chicago, APA, au mtindo mwingine wowote wa marejeleo, fuata unachotakiwa na anayechapisha na ukishike mwanzo hadi mwisho. Watu hupoteza usiku mzima wakigombania mahali pa koma. Koma haijawahi kumpoteza msomaji njia. Ukurasa uliokosekana humpoteza.

Programu haiwezi kujua kama sentensi ni yangu. Hilo naliweka mimi, wakati ule ule ninapoandika, kwa kuwa kesho yake hata mimi sijui.

Kwa vyanzo vya mtandaoni nimeongeza tahadhari moja. Mwaka 2014 Jonathan Zittrain na wenzake walionyesha kwamba nusu ya viungo vya intaneti katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani havikufikisha tena msomaji kwenye kile kilichotajwa. Kama hukumu za mahakama zinaoza hivyo, dokezo langu ni nani? Nahifadhi nakala ya ukurasa siku ninayousoma, na naandika tarehe.

## Herufi tatu

Ninachofanya sasa ni kidogo kuliko nilivyotarajia.

Kila dokezo linaanza na herufi moja. N ni nukuu: maneno ya mwenyewe, kama yalivyo. M ni muhtasari: wazo la mwenyewe, maneno yangu. Y ni yangu: nimeliwaza nikiwa nasoma, halimo kitabuni. Baada ya herufi kunafuata jina fupi la chanzo na ukurasa. Hata Y ina chanzo pembeni, kwa sababu wazo langu liliamshwa na kitu, na siku moja nitataka kujua na nini.

Dokezo likihamia kwenye kiunzi, linahama na herufi yake na ukurasa wake. Kiunzi kikigeuka rasimu, vinabaki kwenye sentensi. Rasimu yangu ya kwanza siku hizi inachukiza kusoma, imejaa mabano na vifupisho kila mstari. Navigeuza kuwa marejeleo safi mwisho kabisa, kila kitu kikishatulia.

Herufi inayonisumbua ni Y. Kuna siku naandika Y, kisha nasita. Nimesoma vitabu sita kuhusu mtu mmoja. Vyote vimenipa pembe ya kumtazama. Wazo ninaloliita langu limepikwa na wote sita. Wapi linaacha kuwa lao? Sina mpaka wa kuchora. Nimejiwekea kwamba nikiweza kukumbuka ukurasa ulioniamsha, nautaja, hata kama nina haki ya kunyamaza. Kuna hatari ya kuandika kwa woga hadi kila sentensi iegemee jina la mtu, na nimesoma kazi za namna hiyo, mwandishi hasikiki. Bado nachagua kuegemea kupita kiasi kuliko kujitwalia.

## Ukurasa wa 87

Wiki ya sita nilikuta daftari dogo, lile la mfukoni, ambalo nilidhani nimeshalipitia. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana. Nikazitenganisha kwa ukucha.

Ilikuwepo, kwa penseli. "Takwimu zilimwonyesha", halafu "jibu" limekatwa, juu yake "ukweli". "Kabla hajaweza kuandika" limekatwa. "Kabla hajapata maneno." Limekatwa, limerudishwa.

Anayenakili hakati hivyo. Mtu anayekata na kurudisha anatafuta. Maneno yalikuwa yangu.

Nilisimama, nikatembea chumbani nikiwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Nikarudi kulitazama tena. Pembeni, kwa mwandiko mdogo, nilikuwa nimeandika "uk. 87". Hakuna kitabu. Ukurasa tu.

Furaha ikatulia.

Nilivitoa vitabu vyote nilivyotumia, nikafungua ukurasa wa 87 wa kila kimoja. Cha kwanza kilikuwa na picha. Cha pili kilizungumzia mambo ya kisiasa ya mwaka 1848. Cha nne, chini ya ukurasa, kulikuwa na aya yenye mistari sita. Mwandishi anaeleza kwamba Semmelweis alikuwa na jedwali zake mapema, na alikiri mwenyewe kwamba alichukia kuandika. Kwa hiyo hesabu ilikamilika muda mrefu kabla ya hoja. Hakutumia hata neno moja kati ya yale kumi. Wazo lilikuwa lake, lote, kwa mpangilio ule ule.

Niliisoma aya hiyo mara nne.

Kisha nikafungua rasimu, ukurasa wa sita. Sentensi ikabaki kama ilivyo. Mwisho wake nikaweka mabano: jina la mwandishi, mwaka, uk. 87. Kwenye faili la madokezo nikaandika M mbele yake.

Nimebakiwa na aya tano kati ya zile kumi na nne. Kesho naanza na ya pili kutoka juu, ile ya Holmes.